Wewe Ni wa Nani?

Kila mtu anayeishi Nairobi bila mshahara ana ramani ya vitu vya bure kichwani. Yangu iko vizuri. Najua uzinduzi gani wa kitabu utakuwa na sambusa na gani utakuwa na maji ya chupa tu. Najua karibu na tarehe 21 Juni kuna Fête de la Musique, ile sherehe iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982 ili watu wapige muziki barabarani bila kiingilio, na kwamba Alliance Française ya hapa mjini nayo huiadhimisha. Nimecheza sana muziki wa bure katika jiji hili. Ila bure ya Nairobi ina utaratibu wake: unajaza fomu kwenye simu, unaacha barua pepe, ukifika mlangoni kijana mwenye fulana nyeusi anatafuta jina lako kwenye orodha. Akiliona, pita. Hana haja ya kujua zaidi.

Mimi na orodha za mlangoni tunajuana. Mwaka wangu wa pili chuoni, wiki ya mtihani, mlinzi alisimama mlangoni na karatasi ya waliomaliza kulipa karo. Akapitisha kidole juu mpaka chini mara mbili, kwa upole kabisa, kisha akaniambia, "Dada, haupo." Nilirudi hosteli nikafunga mizigo. Tangu hapo naishi kwa kuandikia watu: maelezo ya viatu vinavyouzwa mtandaoni, makala za kung'oa meno, hotuba ya mtu anayemwoza binti yake. Nalipwa kwa neno, tena nikilipwa.

Kwa hiyo mwaka jana, Agosti 2025, rafiki yangu aliponiambia kuna usiku mzima wa muziki wa moja kwa moja, chakula kipo, kulala kupo, na hakuna atakayeniomba hata shilingi, niliuliza swali moja tu. Wapi?

"Modogashe," akasema. "Kaka yangu anaoa."

Nilinyamaza. Alijua kwa nini.

Kama hujawahi kufika, Modogashe ni mji mdogo wa Kaunti ya Garissa, upande wa Lagdera, mahali ambapo barabara inayotoka Garissa inakutana na ile inayotoka Isiolo kwenda Wajir. Ni mji wa njia panda. Malori yanasimama, madereva wanakula, mbuzi wanapita katikati ya kila kitu. Kama jina lake umelisikia, pengine ni kwa sababu ya Azimio la Modogashe la mwaka 2001, wazee wa jamii za kaskazini walipokaa chini kukubaliana namna ya kumaliza mapigano ya malisho na wizi wa mifugo. Walikubaliana hata bei ya damu: mifugo mia moja kwa mwanamume aliyeuawa, hamsini kwa mwanamke. Tulipokuwa wadogo tulilijua hesabu hilo kama watoto wa Nairobi wanavyojua nauli.

Ndiyo, nimesema tulipokuwa wadogo. Mama yangu ni Mkamba wa Mwingi, mwalimu wa shule ya msingi, na serikali ilimpeleka Modogashe nikiwa na miaka mitano. Tulikaa miaka saba. Nyumba yetu ilikuwa chumba na nusu, ukuta mmoja tukichangia na familia ya rafiki yangu huyu. Yeye na mimi tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza. Hatukuwa tunaitana majina. Mimi nilimwita abaayo, yeye akaniita abaayo, yaani dada, na mpaka leo hivyo ndivyo nilivyomwandika kwenye simu.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waliwatenga kwa dini. Habari zilipofika kwetu, Mama alikuwa anasahihisha madaftari. Alimaliza lile alilokuwa nalo mkononi, akafunga kalamu, hakufungua tena. Siku hiyohiyo serikali ikatangaza marufuku ya kutoka usiku katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Miezi mitano kabla yake, Novemba 2014, basi lilikuwa limesimamishwa karibu na Mandera na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Mama aliomba uhamisho kama walimu wengi wa kutoka chini walivyofanya. Tuliondoka na lori. Mama yake abaayo alituletea kopo la nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, akalifunga kwa kitambaa na kamba. Tulikula Mwingi mpaka Juni. Hakuna aliyemaliza kusema kwaheri vizuri, kwa sababu lori lilitaka kufika kabla ya giza.

Mama hajawahi kurudi. Nilipomwambia naenda harusini, alisema, "Harusi si za mchana?" Nikamwambia nikahi ni ya mchana, muziki ni usiku. Akasema, "Usiku wa huko naujua." Halafu akaniuliza kama nina pesa za kupiga simu, ambayo kwake ndiyo njia ya kusema nenda.

Tuliondoka Eastleigh na basi la usiku, mimi na abaayo, yeye ana begi mbili za madira ya harusi na mimi nina kompyuta yangu na kanga. Basi linapita Thika, linapita Mwingi, ambako nilichungulia dirishani upande wa nyumba yetu ingawa hakuna kinachoonekana. Alfajiri tuko kwenye daraja la Mto Tana, mlangoni pa Garissa. Abiria wote chini, vitambulisho mkononi.

Polisi alichukua changu, akasoma jina, akanirudishia hata kabla sijafungua mdomo. Alichukua cha abaayo. Akakitazama mbele, akakigeuza, akamtazama yeye. "Unatoka wapi?" Nairobi. "Unaenda wapi?" Modogashe. "Kufanya?" Harusi. "Ya nani?" Kaka yangu. "Wewe ni wa nani?" Akataja jina la baba, la babu. "Chifu wenu anaitwa nani?" Akajibu yote, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto. Mimi nilisimama kando na kitambulisho changu kilichopita, mimi ambaye kijiji changu kiko upande mwingine wa mto. Mzaliwa wa Modogashe ndiye aliyeulizwa chifu.

Tulipopanda tena nilitaka kusema kitu. Yeye alikuwa ameshafungua pakiti ya biskuti. "Abaayo, hiyo ni kawaida. Wewe kula." Nyumbani kwao bibi yake bado anayo kadi ya rangi ya waridi ya mwaka 1989, serikali ilipoamua Wasomali wa Kenya wote wapangwe foleni wathibitishe kuwa ni Wakenya. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada ambao watu wa mipakani walifanyiwa kabla ya kupewa kitambulisho. Miezi sita baadaye nilikuwa pale darajani. Bibi, tulipomsimulia, aliuliza tu kama yule polisi alikuwa kijana. Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi hajasikia bado," na kadi yake akairudisha kwenye bahasha.

Modogashe yenyewe imekua. Lami imeingia, nguzo za simu zimeongezeka, ile hoteli ya chai iliyokuwa ya mabati sasa ina vigae. Lakini mchana ule wa kwanza, kutoka stendi mpaka nyumbani, nilikutana na swali lilelile la darajani, safari hii likanigeukia mimi. Mzee mmoja kwenye kivuli alimwuliza abaayo, kwa Kisomali, akidhani sisikii: huyu ni wa nani? Mtoto wa boda boda akauliza: huyu nywele ngumu umemtoa wapi? Halikuwa tusi kwa jinsi alivyolitamka. Ni jina wanalotuita sisi wa kutoka chini, kama sisi tunavyowaita wao majina yetu. Abaayo alijibu kila mtu: ni wetu. Wa kwetu. Wakaitikia, lakini nikaona kwenye nyuso zao kwamba jibu halijatosha. Kule nasaba ndiyo anwani. Mtu akikuuliza wewe ni wa nani hataki jina lako, anataka baba, babu, na babu wa babu, mpaka pale atakapopata mtu anayemjua. Akimpata, anatulia. Mimi nikimhesabia babu zangu atafika Mwingi aishiwe na barabara.

Sasa, sherehe.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Jenereta lilifichwa nyuma ya ukuta ili mlio upungue. Upande mmoja wanaume, mikeka na viti vya plastiki. Upande wa pili, nyuma ya turubai lililofungwa kwenye kamba, wanawake. Katikati, jukwaa la mbao za kukopa: mpiga kinanda kutoka Garissa mjini, mwimbaji mwenye koti linalong'aa, kijana wa ngoma, na mzee mmoja aliyebeba kaban, lile gambusi ambalo wa Lamu wangelijua mara moja. Spika mbili kubwa kama friji.

Nikauliza nani amelipa. Abaayo akacheka. Ndugu wa Minnesota walituma, wa Nairobi walituma, mjomba wa Wajir alileta ngamia, wenye maduka walitoa mchele na mafuta, na kila jina limeandikwa kwenye daftari ambalo mama yake analiweka chini ya mto. Kila kilichotolewa kitarudishwa siku moja, kwenye harusi nyingine au kwenye msiba. Kwa hiyo ni bure kwa yeyote anayekuja kula, kwa sababu kuna daftari. Nilimwambia hiyo si bure, hiyo ni deni. Akasema, "Deni ni nini sasa? Ni watu."

Na kweli yeyote alikuja. Saa tatu usiku madereva wa malori waliokuwa wamelala chini ya magari yao barabarani walisikia kinanda wakaja, mmoja na shuka begani, wakapewa sahani za wali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu kando, hakuna aliyewauliza kitu. Nilifurahi sana kuwaona hao. Mtindo wa balwo, ambao nyimbo nyingi za kisasa za Kisomali zimetokana nao, husimuliwa kuwa ulianzishwa katika miaka ya 1940 na dereva wa lori, Abdi Sinimo, gari lake lilipoharibika njiani akaanza kuimba. Na Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali, aliyeingiza kaban katika nyimbo hizo, alizaliwa Moshi mwaka 1924. Moshi hiihii ya Kilimanjaro. Nilipomwambia yule mzee wa kaban, kwa Kisomali changu cha darasa la sita, alinisahihisha matamshi kwanza, kisha akasema anajua, na kwamba mtu anazaliwa popote.

Usidhani muziki wenyewe ulipita bila maneno. Mmoja wa wazee wa familia hakutaka bendi kabisa. Alisema mchana kasida zimesomwa, zinatosha. Hii si hoja ndogo kwa Wasomali. Balwo yenyewe ilipigwa vita na mashehe ilipoanza, na Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliamuru vituo vya redio vya Mogadishu viache kupiga muziki, vikaacha. Mzee wetu hakuwa mtu wa kuamuru. Alikaa na baba wa bwana harusi kwa chai mbili, wakakubaliana: bendi itaanza baada ya isha, itazima saa saba, wanawake na wanaume kila mmoja na upande wake isipokuwa wakati wa dhaanto, na yeye mwenyewe atakuwa amelala. Baba pia alienda kituoni mapema kuwaambia polisi kwamba kutakuwa na watu wengi na mwangaza. Nilipoona anavaa viatu kwenda huko niliuliza kama ni lazima. Akasema, "Binti yangu, usiku wa huku una mwenyewe."

Sentensi hiyo nilikaa nayo. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hili Desemba 1963, Kenya ikiwa na wiki mbili za uhuru, na sheria zake zilidumu mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Halafu 2015, marufuku ya usiku tena. Piga hesabu uone ni vizazi vingapi vimekua vikijua kwamba jua likizama unarudi ndani. Huko Nairobi tunakesha Westlands tukirudi tunalalamika kuhusu bei ya teksi. Hapa baba wa watu alivaa viatu vyake akaenda kuomba usiku wa mtoto wake, akapewa mpaka saa saba, akarudi akiwa na furaha.

Simu ya Mama ililia saa tatu na nusu. "Uko wapi?" Nje, nimekaa. "Kuna watu wengi?" Wengi. "Kaa karibu na ukuta." Saa nne na nusu ikalia tena.

Nilikuwa upande wa wanawake wakati huo. Huwezi kuelewa turubai lile lilificha nini mpaka uingie. Udi unafuka, hina mpaka kwenye viwiko, madira mepesi ya rangi ambazo sijui majina yake, shashi begani. Ngoma moja, duara, makofi. Wanaita buraanbur. Ni mashairi ya wanawake. Mmoja anaghani, wengine wanaitikia kwa makofi, na mmoja au wawili wanaingia katikati kucheza, mabega yakifanya kazi yote. Aliyekuwa anaghani ni mama wa makamo, mnene, sauti kama ya mtu anayeita ngamia ng'ambo ya bonde. Alikuwa anasifu familia moja baada ya nyingine. Anataja ukoo, anataja babu fulani na visima vyake, anataja mwaka wa ukame na nani alichinja, na wanawake wa ukoo huo wanasimama, wanapiga vigelegele, wanamvisha shashi na kumbandikia noti. Kisha anahamia familia nyingine. Ndivyo sherehe inavyojua nani yupo. Kila mtu anaimbwa kupitia watu wake.

Nikaona duara linasogea. Mpangilio ulikuwa wa kukaa, na mimi nilikuwa nimekaa kati ya abaayo na binamu yake. Aliwamaliza wa kushoto. Akamsifu binamu. Akanifikia akanyamaza, ngoma ikiendelea chini kwa chini.

"Wewe ni wa nani?"

Alisema mbele ya wanawake kama mia. Hakuwa na ubaya. Alihitaji kujua ili aendelee na kazi yake, kama fundi anayeuliza kipimo. Nikahisi kidole cha yule mlinzi wa chuo kikishuka kwenye karatasi. Abaayo alifungua mdomo kusema ni wetu, lakini mama yake, ambaye alikuwa kwenye masufuria huko nyuma, aliwahi. Alipaza sauti kutoka gizani: "Waa gabadhii macallimadda."

Ni yule binti wa mwalimu.

Kukawa na mnong'ono. Wanawake vijana wakageuka kunitazama vizuri. Mmoja aliyenyonyesha akasema, mwalimu yupi, yule wa Hesabu? Mwingine akajibu, yule wa daftari za bluu. Nilikuwa nimesahau daftari za bluu. Mama alikuwa ananunua zake mwenyewe kwa wale ambao hawakuwa nazo.

Yule mama wa sauti akafikiri kwa muda wa makofi manne hivi. Kisha akaanza. Sitaweza kukupa maneno yake, Kisomali changu kinachechemea na ushairi hausubiri. Nilichoshika ni hiki. Kwamba wengine wanahesabiwa kwa ngamia wa babu zao, huyu ahesabiwe kwa chaki. Kwamba kulikuwa na mkono uliokuwa mweupe mpaka kwenye kifundo. Kwamba hapa wamo wanaosoma wenyewe ujumbe wa M-Pesa bila kumpa mwanamume simu yao, na mkono ule ndio uliowasomesha. Kwamba mkono ule uliondoka usiku mmoja mbaya na haukuaga, na asiyeaga hajaondoka. Hapo wanawake walipiga vigelegele kiasi kwamba wanaume walisimamisha kinanda upande wa pili wakidhani kuna jambo.

Abaayo akanisukuma. "Simama, cheza! Wamekuimba!" Nikasimama. Mabega yangu ni ya Mwingi, yanajua mambo mengine, lakini tulikutana katikati. Wakacheka, wakafurahi, mtu akanivisha shashi.

Halafu yule mama akasimama mbele yangu, jasho linamtoka, mkono wazi.

Manze. Bila shaka. Sifa zinalipwa. Kila ukoo ulilipa zake. Nilikuwa na mia mbili na nauli ya kurudi. Nikampa mia mbili. Akazitazama, akawatazama wanawake, akasema kitu kuhusu bei ya chaki siku hizi, wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Ni usiku pekee wa bure niliowahi kudaiwa kwa furaha.

Simu ikalia. Saa tano na nusu. Safari hii sikumwambia Mama niko wapi. Nikasema, subiri, sikiliza, nikainua simu juu. Yule mama akauliza ni nani, akaambiwa ni mwalimu mwenyewe. Basi alirudia yote tangu mwanzo, polepole zaidi, akiielekea simu kama maikrofoni. Mama anaelewa Kisomali kuliko mimi. Miaka saba ya mikutano ya wazazi. Nilipoirudisha sikioni hakusema kitu. Nilisikia redio ya jikoni kwetu, na kiti. Kisha akauliza, "Huyo si mama wa yule mtoto aliyekuwa anakula chaki?" Nikamwuliza. Ndiye. Sasa ni nesi huko Wajir, mtoto huyo.

"Haya," Mama akasema, akakata.

Dhaanto ilianza saa sita. Turubai likakunjwa, vijana wakapanga mistari miwili, wasichana huku, wavulana kule, wanakaribiana na kurudi nyuma, mwendo ukiigiza hatua za ngamia, miguu inashuka kwa pamoja mpaka unaisikia kwenye udongo. Madereva wa malori walikuwa nyuma kabisa wakijifunza. Yule polisi aliyetumwa kutulinda alikuwa ameegemea tangi la maji akitikisa kichwa kwa mdundo, bunduki begani, na nilimwona akiangalia saa yake saa saba kasorobo, akaangalia pembeni. Kinanda kilizima saa saba na robo.

Ujumbe uliingia wakati tunakunja mikeka. Shilingi elfu moja kutoka kwa Mama, na chini yake, maneno: Mpe huyo mama. Na usitembee usiku.

Nilimtafuta yule mama. Alikuwa anavaa viatu. Nilitaka kumtumia, akasema hapana, anataka noti, sifa hazilipwi kwenye simu. Tukamwamsha mwenye duka, ambaye hata hivyo alikuwa hajalala, akatoa noti. Alizikunja akaziweka kifuani, akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga wa simu, anaangalia kama nafanana.

"Mwambie nimepata," akasema. "Na mwambie mwenyewe kituo kipo wazi, nafasi ya mwalimu ipo, mwaka wa kumi sasa. Aje aimbwe akiwa amekaa hapa."

Nilimwandikia Mama usiku uleule, neno kwa neno. Alama mbili za bluu zikatokea. Ameusoma. Kila wiki tunaongea, ananiuliza kuhusu kodi, kuhusu makala, kama nakula, na mara moja, katikati ya habari nyingine, aliniuliza lami imefika Modogashe yenyewe au imeishia njiani. Nikamwambia imefika. Akasema, "Ahaa," tukaendelea na habari ya kodi.